Nyasi za Juu ya Pua

Serafin Domig alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu bondeni kwetu aliyewahi kumsikia akiomba msaada. Hata ng'ombe wake alipokwama kuzaa, alivua shati akahangaika naye peke yake mpaka kukapambazuka. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi nasema ni ugonjwa. Sote hapa tunao kidogo, lakini yeye ulikuwa umemkolea.

Alikuwa na shamba la nyasi ubavuni mwa mlima, juu kabisa ya barabara iendayo kitongoji cha Hinterlaub. Si shamba la mchezo. Ng'ombe hapandi huko, na mtu hupanda kwa viatu vya miiba ya chuma. Baba yake alimpeleka huko akiwa na miaka kumi na mmoja, akamfunga kamba kiunoni, akamfundisha kuuzungusha mundu mrefu bila mwili kuufuata bondeni. Tangu siku hiyo hakuruka Agosti hata moja. Katikati ya ubavu ule kuna mwamba umejitokeza, tunauita Pua. Chini ya Pua kila mtu anapaona, ukiwa kanisani, ukiwa dukani, hata ukiwa jikoni unaosha vyombo. Juu ya Pua hapaonekani na mtu ila aliyepanda.

Kwetu nyasi za mlimani si chakula cha ng'ombe tu. Ukizikata zinabaki vishina vifupi, vigumu, na theluji ikianguka inashikwa na vile vishina. Usipozikata zinalala. Zinalala zote zikielekea bondeni, zinalowa, na theluji inayokaa juu yake ni sawa na mtu aliyesimama kwenye sakafu iliyomwagwa sabuni. Jambo hili mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kuandika jina lake. Ndiyo maana asiyekata mlima wake anasemwa vibaya kuliko mlevi. Mlevi, tunasema, anajiua mwenyewe.

Mwaka ule nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha kabisa. Agosti alikata chini ya Pua kwa siku nne, kazi ambayo zamani ilimchukua siku moja na nusu, na kila jioni alingoja giza, akashuka kwa makalio watu wasimwone. Siku ya tano alipanda mpaka kwenye Pua, akaketi juu ya jiwe, akazitazama nyasi zilizobaki. Zilimfika magotini, nene, mlima mzima. Alisimama, mguu ukakataa. Akajikaza, mguu ukakataa tena. Basi akakaa pale pale nyuma ya mwamba na mundu wake mpaka jua lilipokaribia kuzama, ili watu wa chini wadhani anakata, kisha akashuka. Mkewe Kreszenz alimuuliza kazi imefika wapi, naye akajibu kwamba amemaliza.

Alijiambia atarudi Septemba. Septemba ikanyesha mfululizo. Ilipofika Oktoba alikuwa hajiambii tena neno lolote.

Na msaada ulikuwepo, hilo ndilo linaloniudhi. Alikuwepo Wendelin Bickel, mwanawe wa ubatizo, mwanamume wa miaka thelathini na minane, mwenye mabega ya kubebea mlango. Yeye ndiye aliyeendesha trekta la kijiji la kusukumia theluji. Wendelin angezikata nyasi zile kwa siku moja, tena huku akipiga mluzi. Lakini Serafin alijua mambo yanavyokwenda: mwaka huu akukatie nyasi, mwaka kesho akukatie mkate, mwaka wa tatu akushike mkono kukupeleka chooni. Akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kifo kilikosea nyumba.

Sasa, huyu Serafin ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya theluji. Kamati yenyewe ni watu watatu. Theluji ikianguka nyingi wanapanda, wanachimba shimo, wanasoma tabaka zake, halafu wanaamua kama barabara ya Hinterlaub ifungwe au iachwe wazi, maana inapita chini ya mlima ule kwa hatua mia tatu hivi. Serafin aliiongoza kamati kwa miaka ishirini na miwili, na alikuwa hodari, sisemi uongo. Mwaka mmoja aliifunga barabara siku nne za Krismasi. Watu walimtukana mpaka mama yake kaburini. Siku ya tano asubuhi, kabla hajaifungua, theluji ya mlima wa ng'ambo ilishuka ikaifunika barabara kwa kimo cha nyumba, na tangu hapo hakuna aliyebishana naye sana. Wa pili katika kamati alikuwa Wendelin. Wa tatu alikuwa Reinelde Burtscher, mtengeneza jibini, mwanamke wa miaka thelathini aliyekwenda mjini Innsbruck kusomea mambo haya ya theluji na akarudi na daftari ambamo aliandika kila kitu.

Novemba ya mwaka ule ilikuwa ya ajabu. Hakukuwa na baridi. Ardhi haikuganda, ungeweza kuichimba kwa kisigino. Kisha Jumatatu moja mwanzoni mwa Desemba theluji ikaanza, kwanza nzito yenye maji, halafu nyepesi, ikaanguka siku tatu bila kupumzika. Ilipokoma ilimfika mtu mzima kiunoni. Alhamisi wingu likashuka likakaa juu ya mlima, na kuanzia kwenye Pua kwenda juu hapakuonekana kitu.

Ijumaa ilikuwa siku ya misa ya alfajiri, ile ya majira ya kungojea Krismasi. Watu wa Hinterlaub, nyumba tano, watu kumi na mmoja wote kwa pamoja, hushuka kabla ya mapambazuko na taa mkononi, maana wao ndio kwaya. Wasipofika, padri anaimba peke yake, na padri wetu akiimba peke yake mbwa wanajibu. Kwa hiyo Alhamisi saa nane mchana kamati ilipanda ili kujua kama watu wale wapite au wasipite.

Walichimba chini ya Pua, pembezoni, karibu na miti. Serafin ndiye aliyechagua mahali. Wakafika mpaka kwenye udongo, wakalainisha ukuta wa shimo kwa koleo, na Serafin akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini taratibu, akitafuta sukari. Sukari ndio ugonjwa wa theluji ya mwanzo wa msimu: inaanguka kidogo mapema, inakaa kivulini wiki kadhaa, inageuka chembechembe zisizoshikana, na theluji yote inayokuja baadaye inakaa juu ya chembe hizo. Hakukuwa na sukari. Akakata nguzo ya theluji, akaweka koleo juu yake, akaligonga mara kumi kwa kiganja tu, mara kumi kwa mkono kuanzia kwenye kiwiko, mara kumi kwa mkono wote kuanzia begani. Nguzo ikasimama. Reinelde akakata ya kwake akagonga. Nayo ikasimama.

Reinelde aliandika kwamba tabaka zimeshikana vizuri. Kisha akapiga magoti, akachota konzi ya theluji kutoka chini kabisa, akaikamua. Maji yakamtiririka kati ya vidole.

"Juu ni nzuri," akasema. "Ila chini kumelowa, Mzee Serafin. Ardhi ina joto."

Serafin alimjibu kwamba Desemba ikianza huwa hivyo. Reinelde akapapasa vile vishina vya nyasi sakafuni mwa shimo, akasema hapa vinashika, lakini huko juu hakuoni, na kama kuna ufa umefunguka hawawezi kujua mpaka wingu liondoke. Yeye kwa upande wake anasema barabara ifungwe.

Serafin alichomwa na neno hilo kwa sababu ndilo lililokuwa moyoni mwake. Msimu uliotangulia aliifunga barabara bure, na dukani walimcheka kwamba Serafin akipiga chafya, Hinterlaub hawatoki. Ukiifunga lazima utoe sababu. Shimo lilikuwa zuri, nguzo mbili zimesimama, sababu ingetoka wapi? Ilikuwepo moja tu. Akasema kwa ukali kwamba tukifunga kila wingu likishuka tutafungua Pasaka. Yeye anasema iachwe wazi.

Ikabaki kura ya Wendelin. Alikuwa akifuta koleo kwa glavu, na koleo lenyewe lilikuwa safi.

"Mzee," akasema, "mlima wako uko sawa?"

"Uko sawa."

"Mpaka juu ya Pua?"

Masikio ya Serafin yakapata moto katika baridi ile. Mimi nikifika hapa hasira hunipanda, nisamehe. Mtu amefunguliwa mlango, ameulizwa kwa adabu, hakuna aliyemcheka. Ilitakiwa aseme neno moja. Wangemtania wiki mbili, basi, yakaisha.

"Huko nilianza kukata kabla hujazaliwa," Serafin akasema. "Au unataka nikuapie?"

Wendelin alimtazama usoni, akakawia zaidi kidogo kuliko ilivyo desturi.

"Hapana, Mzee," akasema. "Basi na mimi nasema ibaki wazi."

Reinelde akaandika: wawili wazi, mmoja kufunga. Akaandika na saa. Wakashuka, Wendelin mbele akivunja njia, Serafin nyuma akiburuta mguu.

Jioni Serafin alikula vibonge vya unga wa mahindi vilivyokaangwa kwa siagi, akavichovya kwenye kahawa ya maziwa kama kawaida yake, na kichwani mwake alikuwa akitetea kesi. Theluji ilikuwa imekaa siku nzima bila kushuka. Miaka hamsini na zaidi mlima ule haujawahi kumwaga. Baridi ilikuwa inaanza, ardhi ingeganda. Huko juu kuna mawe pia, si nyasi tupu. Hoja zote zilikuwa nzuri. Mtu mwenye haki hahitaji hoja nyingi kiasi hicho. Kreszenz alimsugua nyonga kwa dawa, wakasali, wakazima taa.

Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, Wendelin, ambaye nyumba yake ilikuwa huko huko Hinterlaub, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kabla ya kuwasha trekta alipita nyumba zote akibisha hodi. Aliwaambia wakakusanyike kwenye kikanisa kidogo cha kitongoji, wasikanyage barabara mpaka yeye ashuke, apande tena, na awawashie taa mara tatu. Mzee Jodok, mkubwa wao, alinung'unika kwamba watachelewa misa. Wendelin akamwambia kwamba padri hana pa kwenda, leo mningoje mimi. Wakangoja, wakipiga miguu chini kwa baridi na kumsema kwamba siku hizi amekuwa mkubwa kuliko diwani.

Walilisikia trekta likishuka. Walilisikia likigeuka kule chini na kuanza kupanda. Kisha wakasikia sauti ambayo wote wanasema haikuwa kubwa, kama magunia ya unga yanayoteleza kutoka kwenye mkokoteni, na yalikuwa mengi, yakaendelea kuteleza. Baada ya hapo hawakulisikia trekta tena.

Kengele ilipigwa, tukatoka wote. Serafin alipanda na koleo lake, na ile nyonga, sijui aliipandishaje. Tulikuwa watu thelathini na kitu. Theluji yenyewe haikuwa nyeupe. Ilikuwa na udongo, na kwenye kila koleo lililoinuka zilining'inia nyasi, ndefu za kufika kiwikoni, za manjano, hazijaguswa na chuma. Hapa sote ni wakata nyasi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Reinelde alitoa kishungi kwenye koleo lake, akakitazama, akamtazama Serafin, akakitupa pembeni, akaendelea kuchimba. Serafin naye alichimba. Baada ya saa nzima tukampata Wendelin kwenye kiti chake, mikono ingali kwenye usukani, kifua kimebanwa na mlango. Serafin ndiye aliyemfuta uso.

Siku ya pili alikuja mtaalamu kutoka mjini. Akasoma daftari la Reinelde, akatazama picha za shimo, akapanda mpaka alipoweza. Alisema shimo lilichimbwa vizuri, vipimo vilikuwa sahihi, na kwamba theluji inayoteleza yote kutoka kwenye udongo haina saa wala siku, hata yeye asingeweza kuitabiri. Kuhusu nyasi hakuuliza, au aliona ni za porini. Akamshika Serafin mkono mbele ya watu, akamwambia mmetimiza wajibu wenu. Serafin aliuacha mkono wake ushikwe. Mazikoni watu walimpa pole, wakampisha apite mbele kama baba wa marehemu. Wakati wa chakula mtu akataja mlima, mwingine upesi akauliza habari za ng'ombe. Ndivyo tulivyo. Sisi tunaweza kumwacha mtu aoze ndani kwa heshima zote.

Siku ya tisa baada ya mazishi Serafin alipanda peke yake mpaka Hinterlaub, kwa Walburga, mjane wa Wendelin. Alimkuta jikoni akimenya viazi. Walburga hakumwambia aketi, naye hakuketi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Walburga," akasema, "juu ya Pua sikukata."

"Najua."

Serafin alidhani anazungumzia zile nyasi za kwenye koleo. Akaanza kueleza habari za nyonga, na Septemba, na mvua. Walburga akaweka kisu mezani.

"Mzee, tulijua tangu Oktoba. Wendelin aliziona alipokwenda kuwinda. Akarudi akaniambia, mzee hajakata juu, usimwambie mtu, atafedheheka. Alikuwa amepanga mwaka ujao apande usiku akukatie, wewe ufike ukute kazi imekwisha."

Serafin hakuelewa mara moja. Alisimama pale akiikunja kofia. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kwa nini basi Wendelin hakusema, siku ile, kule shimoni.

"Mbele ya Reinelde? Akuite mwongo, wewe uliyemshika ubatizoni? Alikuuliza, Mzee. Alikuja hapa akaniambia, nimemuuliza mara mbili."

"Mara mbili," Serafin akasema.

"Nikamwambia apige simu, abadilishe kura yake. Akakataa. Akasema utapiga wewe. Alisema, namjua, hawezi kulala na neno lile. Akavuta kiti akakaa pale kwenye simu." Walburga alionyesha kwa kidevu, ukutani. "Tulikaa mpaka saa tatu usiku. Ndipo akasema, basi, kesho nitapita peke yangu kwanza."

Mtoto mmoja alikuwa akikohoa chumba cha pili.

"Ulilala, Mzee?" Walburga akauliza.

Hapo angeweza kudanganya tena, na pengine huyu mama angemshukuru. Lakini alikuwa amekwisha.

"Nililala," akasema.

Walburga alichukua kiazi kingine, akakigeuza mkononi, hakukimenya. Alimwambia bila kupandisha sauti kwamba bonde zima linajua na bonde zima limefunga mdomo, kwa adabu. Mume wake naye alikuwa na adabu. Yeye Walburga ana watoto wawili wa kulisha, hana nafasi ya kutunza aibu ya mtu mwingine.

"Nenda ukawaambie majirani," akasema. "Kwa kinywa chako. Walikuwa watembee chini ya mlima wako wakiimba."

Serafin akatoka bila kuvaa kofia. Nyumba ya kwanza ni ya Jodok. Alibisha, na Jodok akafungua, na alipoona ni nani akafungua mlango wote, akamwambia aingie haraka, kuna kahawa, baridi hii itamuua.

"Siingii," Serafin akasema. "Juu ya Pua sikukata. Niliulizwa, nikadanganya."

Jodok aliangalia viatu vyake. Akasema mambo ya theluji ni ya Mungu, hata yule mtaalamu alisema, aingie ndani tafadhali.

"Jodok, nisikilize. Sikukata. Wendelin aliniuliza mara mbili."

Alingoja mpaka Jodok alipoinua macho na kumtazama. Kisha akageuka, akaenda nyumba ya pili.